Hadubini ya Wageni

Iko siku moja, mwanangu, ambayo sihitaji kuitafuta kichwani. Huja yenyewe, hasa wakati wa baridi. Nilikuwa mwalimu kijana wa biolojia kule Tetu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika shule ndogo ya kutwa iliyojengwa kwa harambee pale juu karibu na msitu. Asubuhi hiyo nilikuwa naandika ubaoni. Nilipogeuka nilimwona msichana mmoja wa kidato cha tatu, jina lake Wairimu, ameinama mpaka pua inakaribia kugusa meza. Juu ya kitabu chake alikuwa amelaza chupa ndogo ya dawa iliyojaa maji, akiisogeza polepole kutoka mstari mmoja hadi mwingine.

Nilidhani anacheza. Na mimi siku hizo nilikuwa na ulimi wa haraka. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu na nilitaka darasa lijue kwamba sichezewi. Nikamuuliza mbele ya wenzake kama alikuja shuleni kusoma au kuuza dawa ya kikohozi. Darasa likaangua kicheko. Wairimu hakucheka wala hakununa. Alisogea kidogo kwenye benchi, akaniachia nafasi, akaniambia nitazame mwenyewe.

Niliinama. Herufi zilizokuwa chini ya chupa zilikuwa zimerefuka na kunenepa, kila moja imesimama wazi. Maji yaliyo ndani ya kioo cha mviringo huukunja mwanga unaotoka kwenye karatasi, na jicho likadhani herufi ni kubwa kuliko zilivyo. Hilo nilikuwa nalifundisha kila muhula. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akilitegemea.

"Bila hii siwezi soma, Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini. "Kuko na giza hapa katikati. Pembeni naona."

Jioni hiyo nilimwita ofisini, nikaambiwa yote. Wairimu alilelewa na nyanya yake, ambaye kijiji kizima kilimwita Shosho Wangechi, mjane mwenye ng'ombe wawili na kishamba cha majani chai. Shosho alikuwa amempeleka mjini Nyeri kwa daktari wa macho, na daktari akasema miwani haitamsaidia. Sikiliza nikueleze kwa nini, mwanangu, maana usipolielewa hili hutaelewa kinachoniuma. Jicho lina kioo chake mbele, ambacho kazi yake ni kuukunja mwanga ili ukutane mahali pamoja kule nyuma, kwenye ngozi nyembamba inayoupokea. Kioo hicho cha mbele kikiwa na kasoro, fundi anakutengenezea kingine, unakivaa puani, na mambo yanakwisha. Ubovu wa Wairimu ulikuwa kule nyuma, pale mwanga unapopokewa. Hapo kioo cha mtu yeyote hakifiki. Kitu pekee kilichosaidia ni kukikuza kile anachotazama mpaka kizidi ukubwa wa lile giza. Na daktari alikuwa amewaambia kwamba giza litaendelea kupanuka. Lini litafunika yote, hakusema, kwa kuwa hakujua.

Nilimwonea huruma sana. Nilimhamishia benchi la mbele na nikamwomba radhi mbele ya darasa kwa ule mzaha wa dawa ya kikohozi. Nikajiona mwalimu mwema.

Sasa nikwambie kuhusu hadubini. Kabla mimi sijafika, wazazi wa shule ile walikuwa wamekubaliana kwamba watoto wao hawatafanya sayansi ya kuchora ubaoni tu. Walichanga. Wengine waliuza viazi, wengine kabichi, wengine walitoa maziwa ya asubuhi kwa msimu mzima. Ilipofika, mimi ndiye niliyeifungua kutoka kwenye sanduku, na mzee wa kanisa akaiombea, na akina mama wakaimba mpaka wakatokwa jasho kwenye baridi ile. Ilikuwa nyeusi, nzito, imara. Haikuwa na balbu, kwa sababu shule haikuwa na stima; chini yake ilikuwa na kioo kidogo cha kujitazamia chenye nyuso mbili, mmoja bapa na mwingine umebonyea, cha kuokota mwanga dirishani na kuupeleka juu. Ilikuja pia na kipande cha kioo cha bluu, cha kutumia siku ambayo jua halipo na mtu analazimika kuweka taa ya mafuta mbele yake. Mwanga wa taa ni wa manjano, na kile kioo cha bluu huupunguza umanjano ukawa mweupe.

Mwalimu mkuu wetu, Bwana Mutisya, mtu wa Ukambani, mpole na mwenye heshima, alinikabidhi ufunguo wa kabati mbele ya wazazi wote. Nilivimba kichwa. Nikaenda nyumbani kwetu Kangema wikendi hiyo, nikamwomba mama yangu anishonee kitambaa cha kuifunikia, kama vile alivyofunika viti vya sebuleni. Akanishonea kimoja cheupe chenye maua pembeni. Kikapendeza kweli.

Hapa naomba tusimame kidogo. Sisi watu wa huku mlimani tuna ugonjwa wetu, na sijui kama ninyi vijana mmepona. Nyumbani kwetu Kangema kulikuwa na kabati lenye milango ya kioo, na ndani yake vikombe vyenye maua mekundu. Hivyo viliitwa vikombe vya wageni. Sisi watoto tulikunywa chai kwenye vikombe vya bati vilivyochunwa rangi, na baba pia, na mama pia. Mgeni akija, tuliambiwa vitatolewa. Lakini mgeni akija alionekana si mgeni wa kutosha, ni jirani tu, au ni shangazi. Mama yangu alivipangusa kila Jumamosi na kuvirudisha. Mara ya kwanza nilipoona vimejaa chai vyote ilikuwa kwenye matanga yake mwenyewe. Nilishika kimoja, nikakirudisha mezani bado kimejaa.

Basi mimi, mtoto wa kabati lile, nilipewa hadubini. Unadhani niliifanyia nini?

Niliipangusa kila Ijumaa. Niliifunika kwa kitambaa. Nilifunga kabati la mbao na kutia ufunguo mfukoni, na darasani nikachora hadubini ubaoni kwa chaki. Niliichora vizuri, nisijidharau. Nilieleza jinsi mwanga unavyopanda kutoka kwenye kile kioo cha chini, unapita kwenye tundu, unapenya kitu chembamba kilicholazwa juu ya kigae cha kioo, kisha unaingia kwenye lenzi ndogo inayoukunja na kutengeneza picha kubwa ndani ya mwanzi, lile bomba la hadubini. Halafu lenzi ya juu, ile ya jicho, inaichukua picha hiyo na kuikuza tena. Niliwaambia kitu lazima kiwe chembamba, la sivyo mwanga haupiti, na kisichopitisha mwanga hakionekani ila kama kiwingu cheusi. Niliwaambia mwanga ukizidi pia huharibu, maana huosha kila kitu kikawa cheupe. Yote hayo waliyaandika. Waliweza kuyataja bila kusita, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ametia jicho.

Siku moja nilileta darasani koroboi na taa ya kioo, ile ya kubeba mkononi, niwaonyeshe kwa nini ndimi za moto hazifanani. Koroboi haina kioo; moto wake ni mwekundu, unayumba na kutoa masizi. Kile kioo cha ile taa nyingine hakiwaki, hakiongezi mafuta, lakini hewa ya moto inapopanda ndani yake huvuta hewa safi kutoka chini, na moto ukipata hewa ya kutosha husimama wima na kuangaza. Niliwaambia kioo kinausaidia moto kupumua. Wairimu alikaa akitazama taa hizo kwa pembe ya jicho, kama alivyozoea, kichwa kimeinama upande.

Wenzake walipotoka, alibaki.

"Mwalimu, hiyo maikroskopu iko kwa kabati," alisema. "Nilitaka kuona kitunguu kabla haijafika."

Nikamuuliza kabla ya nini kufika.

"Hiyo giza."

Mwanangu, kama ningekuwa mtu mwenye akili, ningeingiza mkono mfukoni pale pale. Ufunguo ulikuwa unanigusa paja. Badala yake nilimweleza kwa upole, tena kwa maneno mazuri, kwamba chombo kile ni kimoja tu, kwamba wazazi waliteseka kukipata, kwamba nikimfungulia yeye itabidi niwafungulie wote na mkono mmoja mzembe unaweza kukwaruza lenzi. Nikamwambia muhula wa tatu tutakuwa na siku ya wageni, watakuja watu wa elimu na wafadhili, na siku hiyo itatolewa, naye nitamweka awe wa kwanza kwenye mstari wa wanafunzi. Nilidhani nimempa zawadi. Alinishukuru, akaenda.

Baadaye kidogo alirudi. Alikuwa amebandua utando wa kitunguu huko kwao, ule mwembamba unaopitisha mwanga kama nilivyofundisha, akaufunga kwenye jani lenye maji ili usikauke, akatembea nao mpaka shuleni. Aliuweka mezani kwangu. Nilitazama jani lile, nikamtazama yeye, nikamwambia amefanya kazi nzuri, lakini tulishakubaliana. Nikamtania kwamba kitunguu hicho kitamfaa zaidi Shosho kwenye sufuria. Alitabasamu kunisitiri. Tabasamu hilo linanikata maini mpaka leo.

Kisha ikaja baridi ya katikati ya mwaka. Unaijua Tetu mwezi wa saba. Ukungu unashuka kutoka Nyandarua na kukaa, jua halionekani, nguo zinaanikwa leo na kesho bado mbichi, na hata chumvi inalowana kwenye kopo. Nilifurahi sana kwamba hadubini yangu imefunikwa na kufungiwa mahali salama. Nakumbuka hata niliongeza gazeti kuziba ufa wa mlango wa kabati, vumbi lisiingie.

Siku ya wageni ilifika. Shule ilipigwa deki, mawe ya njiani yakapakwa chokaa. Nilitoa hadubini, nikavua kile kitambaa, nikaiweka mezani karibu na dirisha na kuelekeza kile kioo cha chini kwenye mwanga. Nilikuwa nimeandaa utando wa kitunguu, nikauwekea tone la iodini. Mgeni wa heshima akaja, mtu mkubwa mwenye tai, akafumba jicho moja na kuinama. Alikaa hapo kwa muda mrefu kidogo. Akainuka, akasema ni safi sana, amefurahi kuona vitu vya ajabu vya Mungu. Aliyemfuata akasema hivyo hivyo. Wa tatu akaongeza kwamba anaona hata vidudu vikitembea. Wazazi wakapiga makofi. Wageni wakaenda kunywa chai.

Ndipo nikainama mimi, nijiandae kwa mstari wa wanafunzi, na Wairimu amesimama wa kwanza kama nilivyomwahidi. Sikuona kitunguu wala vidudu. Niliona weupe tu, kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba asubuhi ya ukungu. Nikapangusa lenzi ya juu kwa leso. Hali ikawa ile ile. Nikafungua lenzi ya chini, nikaitoa, nikaielekeza dirishani. Ndani yake, katikati ya kioo na kioo, kulikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba zilizotanda na kugawanyika matawi. Ukungu ulikuwa umeota humo.

Kiswahili kina neno hilo moja kwa ule unaoshuka milimani na kwa ule unaoota kwenye mkate uliosahauliwa, na siku hiyo nilielewa ni kwa nini. Giza, unyevu na kufungiwa, basi, hicho tu ndicho ukungu unachohitaji. Nilikuwa nimeutengenezea nyumba, nikauzibia na ufa usipate upepo.

Nilimwambia Wairimu kwamba haitawezekana leo. Hakuuliza kwa nini. Alipapasa ukingo wa meza, kisha ukingo wa dirisha, akatoka nje, na hapo ndipo nilipoona kwamba anapapasa.

Wageni walipoondoka, wazazi walibaki kwa mkutano. Nilisimama nikawaambia ukweli wote, maana angalau sikuwa mwongo. Bwana Mutisya hakujua Kikuyu, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Watu walinung'unika, mmoja akasema ni kazi ya shetani, mwingine akasema ni dukani walituuzia kitu kibovu. Halafu Shosho Wangechi akainuka. Alijifunga leso vizuri kiunoni, akanitazama bila hasira.

"Mwalimu, mimi sikusoma, nauliza tu. Hiyo mashini tulinunua ya watoto ama ya wageni?"

Nikajibu kwamba ni ya watoto.

"Na ni mtoto gani ameiangalia?"

Mwalimu mkuu aliangalia chini. Shosho akangoja, kisha akaendelea taratibu, akitafuta maneno kwa lugha ambayo haikuwa yake.

"Maziwa yangu nilitoa, nikakunywa chai ya rangi msimu wote. Hiyo si neno, ng'ombe bado iko. Lakini huyu msichana alikuuliza vizuri, akakuletea na kitunguu. Wewe ukaambia yeye angoje watu wa tai. Macho yake haingoji, Mwalimu. Si ulijua?"

Nilijua. Hilo ndilo lililonimaliza. Angenitukana, ningepata pa kujitetea. Lakini aliniuliza tu, na jibu lilikuwa ndiyo. Nikakaa chini.

Niliipeleka hadubini mjini Nyeri kwa fundi anayetengeneza miwani na vyombo vya lenzi. Aliuliza tulikuwa tunaiweka wapi, nikamweleza, akaguna kidogo kama mtu aliyesikia hayo mara nyingi. Alisema vyombo kama hivyo huku kwenye baridi vinataka kutumiwa, vipate hewa na mwanga, au vikiwekwa kabatini vipate joto kidogo lililo kavu. Aliusafisha ukungu, lakini lenzi moja ilikuwa imeliwa na ikabidi nyingine iagizwe Nairobi. Kila nilipopita dukani kwake niliambiwa bado. Miezi ikasonga. Mwaka mpya ulipofunguliwa, benchi la mbele lilikuwa tupu upande mmoja. Wenzake wakaniambia Wairimu haoni tena ubao, na ile chupa ya maji haimsaidii, na Shosho anatafuta shule ya wasioona itakayompokea.

Lenzi ilipofika, sikuipeleka hadubini shuleni kwanza. Nilishuka nayo kwenye kijia cha majani chai mpaka kwa Shosho Wangechi, nimeikumbatia kifuani. Ilikuwa saa za mchana, lakini ukungu ulikuwa umefunika vilima na hakukuwa na jua la kuokota. Shosho hakunikaripia. Alinikaribisha, akanipa uji, akasogeza meza mlangoni, akawasha taa yake ya kioo ingawa ni mchana. Niliiweka taa mbele ya hadubini, nikatia kile kioo cha bluu, nikageuza kile cha chini mpaka mwanga ukapanda mweupe na mtulivu. Shosho alileta kitunguu kutoka shambani, bado kina udongo. Wairimu mwenyewe ndiye aliyebandua utando, nami nikautia tone la iodini. Vidole vyake vilijua kazi kuliko vyangu.

Nilitazama kwanza, nikahakikisha. Vilikuwepo, mwanangu. Vyumba virefu vimepangana safu kwa safu, kuta zake nyembamba, na ndani ya kila kimoja nukta ndogo ya rangi ya kahawia. Sijawahi kuviona vizuri hivyo, si kabla wala baada ya siku ile.

Nikampisha. Alishika mwanzi kwa mikono miwili, akainamisha jicho. Alikaa. Shosho akaacha alichokuwa akifanya. Nikamwona Wairimu anajaribu kugeuza kichwa upande, kama alivyozoea kutazama taa na watu, atumie ile pembe ya jicho iliyobaki. Lakini hadubini haikubali hivyo. Lenzi ya juu inaitoa picha kupitia kitundu kimoja kidogo; jicho likisogea tu, mwanga wote unapotea. Alijaribu upande wa kulia, akajaribu kushoto, akarudi katikati.

"Naona mwanga pembeni, imezunguka," akasema mwishowe. "Katikati hakuna kitu."

Nilianza kurekebisha, nikafungua mwanga zaidi, nikaupunguza, nikasogeza taa, kwa sababu mikono ilikuwa inatafuta kitu cha kufanya. Akaniwekea mkono juu ya wangu ili niache.

"Wakati ule niliuliza, ningeona," akasema.

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema vile mtu anavyokuambia mvua ilinyesha jana. Kisha akamwomba Shosho atazame badala yake, amwambie kuna nini. Shosho aliinama pale, mama aliyetoa maziwa ya msimu mzima kwa ajili ya chombo ambacho hakuwahi kukikaribia. Akaanza kumwelezea kwa Kikuyu, polepole, kwamba ni kama mashamba yaliyopimwa na kugawanywa, mengi sana, na kila shamba lina nyumba moja. Wairimu alikuwa anauliza: kuta zimegusana? Nyumba iko katikati au pembeni? Shosho alijibu yote. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye ukungu nikalia, na sikujificha.

Wairimu alipata shule baadaye, akasoma kwa vidole, na leo ni mama wa watu na kazi anayo. Tukikutana mjini hunijua kwa sauti, hunisalimia kwa furaha na kuniuliza habari za magoti yangu. Hana kinyongo. Mimi ndiye niliyebaki nacho, juu yangu mwenyewe. Nilipohamishiwa Kianyaga niling'oa mlango wa kabati la maabara, na watoto walivunja vigae vya kioo na kukwaruza lenzi moja, nikagomba kidogo, kisha nikanunua nyingine. Lakini hayo hayakumrudishia Wairimu chochote, na sikudanganyi kwamba yalinipa usingizi.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana haya ndiyo niliyotaka kukuambia tangu mwanzo. Ukikabidhiwa kitu kwa ajili ya watu, kiache watu wakitumie, hata kikwaruzike, hata kivunjike mikononi mwao. Usijione mwema kwa sababu umekitunza. Muulize aliyenunuliwa kitu hicho kama amekifikia. Na mtu akikujia akikuomba jambo dogo ambalo unaliweza leo, usimtafutie siku nzuri zaidi. Hujui yeye ana siku ngapi, na kama unajua, kama nilivyojua mimi, basi huna hata pa kujificha. Inuka umfungulie wakati bado anaweza kuona.

Mungu akupe mikono isiyo mizito, mwanangu, na moyo usioogopa vitu kuchakaa. Akupe watu wa kukuuliza maswali kwa upole kabla hujachelewa, nawe akupe masikio ya kuwasikia. Na wale wote watakaokuja mlangoni kwako wakitaka kuona, Mungu awajalie wakukute umeamka, na waondoke wameona kwa macho yao wenyewe.